Kazi za Mikono: Bulo ikikataa kutoka



Mwezi huu sitaanza na makina. Nitaanza na mama mmoja aliyenipigia hodi alfajiri, kabla ya watu kujaa kwenye njia panda ya Komanda. Nyuma yake alisimama mtoto wake wa kiume, kijana wa miaka 17, aliyekuwa anajifunza ufundi katika garaji moja tangu miezi minane. Kijana alikuwa anaangalia miguu yake tu.

Mama akasema, "Papa Fundi, huyu mtoto hakulala usiku kucha. Akuambie mwenyewe."

Akaniambia. Juzi yake aliachwa peke yake atoe gurudumu la nyuma la kamio, tairi ilikuwa imetoboka. Ekru tisa zilitoka vizuri. Ya kumi ikakataa. Mwenye garaji alikuwa amekwenda Bunia, shofere anapiga honi. Na shofere alikuwa na sababu yake. Barabara zetu tunazijua. Mwaka 2021 magari kati ya Komanda na Luna yalilazimika kwenda kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Hakuna shofere anayependa jua limkute porini.

Basi kijana akachukua tiyo ndefu, akaivika kwenye mkono wa kle, akapanda juu yake na miguu yote miwili, akaruka. Bulo ikalia "pa!" na kichwa chake chenye ekru kikaanguka chini.

Akaogopa kulipishwa. Akafunga tairi nzuri kwa ekru tisa, na mahali pa ile ya kumi akapaka grisi na tope ili isionekane. Kamio ikaondoka kwenda Mambasa. Juu ya mizigo walikaa watu, na kati yao mama wawili wenye watoto mgongoni.

"Papa," akaniambia, "hiyo kamio ikianguka, ni mimi."

Nitakuambia mwisho wake. Lakini kwanza tukae chini tujifunze, maana kijana huyu hakufundishwa, na najua wako wengi kama yeye, kwenye magaraji ya Komanda na Mambasa, kwenye motopompe za wachimbaji, kwenye makina ya kusaga mawe kule Mongbwalu na Durba.

Kwa nini bulo inakwama?

Katika nchi yetu ya Ituri chuma na kutu ni majirani wa zamani. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905, kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa mwaka 1926, na tangu siku zile kuna watu hapa wanaokula jasho lao kwa kufunga na kufungua chuma. Hewa yetu ni ya msitu, iko na maji. Matope yanaingia kila mahali, yanakauka, yanashika maji tena mvua ikinyesha.

Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Sikiliza neno hili vizuri: kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kati ya meno ya bulo na meno ya ekru kuna nafasi ndogo sana. Kutu ikizaliwa mle ndani haina pa kwenda. Inasukuma pande zote mbili, kama mhogo uliojaa gunia. Hapo bulo haizuiwi na kule kukazwa tu. Inabanwa na kutu yake yenyewe.

Kuna sababu nyingine pia. Labda mtu aliifunga kwa kulazimisha, meno yakapandana. Labda bulo imepinda. Labda kuna pini au bati la kuzuia ambalo hukuliona. Na labda unazungusha upande usiofaa! Malori mengine ya zamani yana bulo za kushoto kwa magurudumu ya upande wa kushoto. Mara nyingi mwisho wa bulo umegongwa herufi L. Ekru za chupa ya asetilini pia zinafunguka kinyume cha kawaida. Nimeona watu wazima watatu wakitoa jasho saa nzima wakikaza kile walichotaka kulegeza.

Kwa nini inakatika?

Vijana mnaosoma shule, fanyeni hesabu hii pamoja nami. Bulo ya chuma yenye unene wa milimita 12, iliyoandikwa 8.8 kichwani, kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya kilo 8 hivi zikining'inia mwisho wa mkono wa mita 1. Kilo 8 tu. Sasa mtu wa kilo 70 anatia tiyo ya mita 1 na kupanda juu yake. Hiyo ni karibu mara tisa ya nguvu iliyotakiwa, na bado hajaruka.

Bulo za gurudumu la kamio ni nene zaidi, zinavumilia zaidi, lakini nazo zina mwisho wao. Tena bulo iliyokaa miaka katika kutu imekwisha kulika pembeni. Na tiyo ina ubaya mwingine: inakunyima habari. Mkono wako ukishika kle fupi unasikia bulo inapoanza kusogea, na unasikia inapoanza kujinyonga. Miguu juu ya tiyo haisikii kitu mpaka mlio wa "pa!"

Kabla ya kutia nguvu

Zima makina, na ufunguo uutie mfukoni mwako. Mfuko wa mwenzako hautoshi. Kisha jiulize: bulo hii inashika nini? Ikitoka, ni kitu gani kitaanguka au kuruka? Ndoo ya ekskaveta ishushwe chini kabisa. Gari likiwa juu ya kriki, lipewe magogo imara chini yake na mawe kwenye magurudumu mengine. Minyororo ya katapila na ya ekskaveta nyingi inavutwa na grisi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana. Kile kizibo cha grisi hakifunguliwi kwa kuzungusha mara nyingi, na hakuna mtu anayesimama mbele yake. Kimeua mafundi wenye uzoefu.

Linda macho. Nyundo ngumu ikipiga chuma kigumu, kipande kidogo kama punje ya mchele kinaweza kuruka na kuingia jichoni. Miwani ya plastiki ni bei ndogo. Kijana niliyejifunza naye ufundi alipoteza jicho la kulia namna hiyo, tukicheka, saa nne asubuhi. Mpaka leo akimimina chai anaweka kwanza kidole kwenye kikombe.

Hatua zenyewe

Ya kwanza: safisha. Toa tope, piga brashi ya waya kwenye meno yanayoonekana. Ekru ikipita juu ya kutu itakwama upya.

Ya pili: mafuta, na kungoja. Kama huna dawa ya kopo ya kulegeza kutu, changanya mazuti au petroli ya taa na mafuta kidogo ya motere. Tia kidogo kidogo, gongagonga polepole na nyundo ili yashuke, acha, rudia. Ukiweza acha usiku kucha. Esansi usitumie hata siku moja: inakauka upesi, haisaidii, na cheche moja inatosha kuchoma garaji na wewe ndani.

Ya tatu: kle inayofaa. Tumia ile inayofunika kichwa chote na yenye pembe sita ndani. Kle iliyopanuka itakula pembe za bulo, na bulo ya duara ni kazi mara mbili.

Ya nne: kaza kidogo kwanza. Ndiyo, kaza! Ukisogeza kutu upande mmoja kidogo tu, unaivunja. Halafu legeza. Ikisogea robo ya duara, usifurahi ukaivuta yote. Rudisha, tia mafuta, legeza tena. Nenda na kurudi. Ikianza kuwa ngumu zaidi badala ya laini, simama. Inakuambia kitu.

Ya tano: pigo. Mgongo fupi wa nyundo moja kwa moja juu ya kichwa cha bulo, si pembeni, unatikisa kutu iliyoko ndani. Mapigo mengi madogo yanashinda moja kubwa.

Moto

Moto ni rafiki mzuri na adui mbaya. Chuma kikipata joto kinapanuka. Ekru ya milimita 20 ikiongezewa joto la digrii 300, tundu lake linapanuka kwa karibu milimita 0.07, sawa na unene wa unywele mmoja. Ni kidogo, lakini inatosha kuvunja mshiko wa kutu. Basi choma ekru, au chuma kinachozunguka bulo. Usichome bulo yenyewe kwanza, maana ikipanuka ndani itabana zaidi. Wazee wengine wanagusisha mshumaa kwenye chuma chenye moto: nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya meno.

Lakini shika haya matatu. Moja: kwa gurudumu lenye tairi, sahau moto kabisa, hata ukiwa umetoa upepo. Mpira ukiungua ndani unatoa gesi, na tairi ya kamio ikipasuka hivyo inaua hata aliyesimama mbali kidogo. Mbili: usiwashe moto mahali ulipomwaga mazuti, au karibu na tangi, au karibu na bomba za mafuta ya makina. Tatu: bulo iliyochomwa haifungwi tena. Ugumu wake umetoka. Itupe na ununue nyingine yenye alama ileile.

Na kwa ekru ya gurudumu isiyotoka kabisa? Ipasue. Piga tindo upande mmoja wa ekru, au kata kwa msumeno, mpaka ifunguke. Ekru ni bei ndogo. Fundi mwenye akili anachagua kitu gani kife.

Ikikatika

Usikimbie. Kwanza tazama imekatikia wapi.

Bulo za magurudumu ya kamio nyingi zimepigwa kutoka nyuma. Ikikatika hakuna haja ya kutoboa: fungua gurudumu, toa na ngoma ya fren, piga kipande kitoke kwa nyuma, ingiza kipya. Na mafundi wazuri wana desturi hii: bulo moja ikikatika ikiwa kazini, badilisha pia zile mbili za jirani zake, maana ndizo zilizobeba mzigo wake.

Ni tofauti na bulo iliyokatikia ndani ya motere au ndani ya mwili wa motopompe. Kama kuna kipande kinachotokeza, funga ekru mbili juu yake zikazane, kisha zungusha ile ya chini. Au weka ekru juu ya kipande na uichomelee kwa ndani. Joto la kuchomelea linalegeza kutu, na sasa una kichwa kipya. Ukichomelea kwenye makina, toa kwanza waya za betri, na waya ya pili ya kuchomelea uifunge karibu na kazi.

Kama imekatikia ndani kabisa, piga alama katikati kwa ncha kali. Katikati kweli, maana ukikosea hapo utakosea mpaka mwisho. Toboa tundu dogo kwanza, kisha kubwa, polepole, kwa mafuta. Kwa bulo ya milimita 12 ya meno ya kawaida usipite milimita 10. Hapo ganda linalobaki unaweza kulibomoa bila kuharibu meno ya makina. Kile kifaa cha kung'olea chenye meno ya kushoto kinasaidia, lakini ni kigumu sana na kinavunjika. Kikivunjikia ndani, makina ya kawaida ya kutoboa hayatakikata. Basi usikilazimishe. Ukiona inakushinda, sema: "Hii inanishinda," upeleke kwa mwenye vifaa. Neno hilo halijamfukuzisha fundi kwenye ufundi.

Kurudisha

Kazi ya kutoa bulo mwaka kesho inaanza siku unapoifunga leo. Safisha meno. Ekru iingie kwa vidole kwanza. Ikikataa vidole, usiite kle. Kwa bulo za makina paka mafuta au grisi kidogo, isipokuwa kitabu cha makina kinasema vingine. Kwa magurudumu fuata kitabu, na pale ekru inapokalia gurudumu pasiwe na grisi, rangi wala tope. Kaza kwa msalaba, upande huu na upande wa pili. Halafu kaza tena baada ya mwendo. Kutoka Komanda mpaka Bunia ni kama kilomita 75: ukifika, kabla ya kwenda kutafuta chai, zunguka na kle yako.

Basi, ile kamio

Nilimwambia kijana, "Twende kwa mkubwa wako." Akasema, "Atanifukuza." Mama yake akajibu kabla yangu: "Akufukuze. Wale watoto walio juu ya mizigo nao wana mama."

Tulimkuta mwenye garaji anafungua mlango. Kijana akasema yote, sauti inatetemeka. Yule mzee alipiga kelele, na sitaandika hapa maneno yote aliyosema. Lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta namba ya shofere kwenye simu. Mara ya kwanza haikupita. Ya pili haikupita. Mama akakaa chini kwenye tairi kuukuu. Mara ya nne shofere akajibu: amefika Mambasa, abiria wameshuka, anajiandaa kupakia kurudi.

"Zunguka nyuma, upande wa kulia," mzee akamwambia. "Futa tope. Jaribu ekru zote kwa mkono."

Tukasikia hatua zake, tukasikia anaguna. Akarudi kwenye simu na sauti nyingine kabisa. Zile ekru mbili za jirani zilikuwa zimelegea. Moja ilizunguka kwa vidole.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Halafu akamwambia shofere asiondoke, akaingia ndani, akatoka na bulo mpya tatu katika mfuko wa kitambaa. Akampa kijana. "Wewe ndiye utakayezifunga. Mimi nitasimama nyuma yako." Wakapanda pikipiki moja, wakaenda Mambasa. Kabla ya kuondoka mzee alinivuta pembeni. "Fundi, mtoto atalipa bulo moja. Mbili nalipa mimi. Nilimwachia kazi ambayo sikumwonyesha."

Ndugu msomaji, nimewaza sana juu ya hesabu hiyo ya moja na mbili. Wenye magaraji, mkiwapokea watoto wa watu, kumbukeni kwamba anayemtisha mwanafunzi kwa kila bulo iliyokatika anamfundisha kupaka tope. Wazazi, mtoto akirudi kimya kutoka kazini, ulizeni. Na wewe kijana, kukata bulo kumempata kila fundi unayemwona. Mimi mwenyewe nimekata nyingi, na nitakata nyingine. Lakini bulo iliyokatika na ikasemwa inagharimu bei ya bulo. Iliyofichwa, hakuna anayejua itagharimu nini.

Leo, ukipita kwenye garaji ile, utaona kopo la maziwa ya unga limening'inizwa mlangoni. Ndani iko mazuti na mafuta ya motere. Yule kijana ndiye anayelijaza kila Jumamosi jioni, anazunguka na brashi na kutia matone kwenye bulo za magari yatakayofunguliwa Jumatatu. Ile tiyo ndefu bado iko, imefanywa mguu wa benchi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi cha vijana

1. Kwa nini kukaza kidogo kunaweza kusaidia kulegeza?
2. Shofere alikuwa na haraka ya haki. Kijana angemjibu nini kwa heshima?
3. Kama wewe ungekuwa mwenye garaji, ungegawa malipo ya zile bulo tatu namna gani, na kwa nini?
4. Je, katika nyumba yetu kuna kitu kilichovunjika ambacho mtu anaogopa kukisema?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kamba na minyororo ya kuvutia magari kwenye matope, na kwa nini hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama karibu nayo. Mpaka hapo, kazi njema, na macho yako uyalinde.